Haki ipo kwenye Katiba, sasa mlango wa kuidai uko wapi?

Mpwa wangu kapata nafasi ya kusoma sheria chuoni, na wiki moja kabla ya kuripoti alishuka kutoka Marangu akaja kukaa kwangu Arusha. Siku hiyo tumepanda Hiace tunaelekea mjini, tukafika maeneo ya Sanawari akanionyesha dirishani yale majengo marefu ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, akaniuliza, "Anko, pale si ndo Mahakama ya Haki za Binadamu?" Nikamwambia hapana mama, pale ilikuwa Mahakama ya Rwanda. "Kwani si kitu kimoja?" Mzee mmoja aliyekaa siti ya mbele akageuka akasema kwa uhakika kabisa kwamba ni kitu kimoja, ilihamia tu barabara ya Dodoma. Konda naye akaongeza kwamba hiyo ni ya Afrika Mashariki. Yani gari moja, watu wanne, majibu manne, na wote tunaishi kwenye mji ambao majaji wa Afrika nzima wanakuja kukaa humu humu.

Mimi nimesoma sheria, na Jumamosi nakaa kwenye dawati la msaada wa kisheria, na nilichomwambia mpwa wangu jioni ile ndo nataka nikiandike hapa kwa utaratibu maana nimeona wengi wanaingia kwenye somo la haki za binadamu wakidhani ni kukariri orodha ya haki. Orodha ni fupi, unaimaliza usiku mmoja. Somo lenyewe ni milango: nani anaruhusiwa kuingia, kwa mlango upi, ndani ya muda gani, na akishashinda anatoka na nini mkononi.

Tuanze na neno lenyewe maana hapa tunateleza mapema. Kiswahili kina neno moja, haki, na linabeba mizigo miwili. Mama akitoka mahakamani akasema sijatendewa haki, anaongelea uadilifu, kwamba uamuzi umempunja. Mtu akisema kupiga kura ni haki yangu, anaongelea kitu ambacho ni chake kisheria na anaweza kumdai mwingine. Mwaka wa kwanza asaimenti nyingi zinaharibikia hapo, mwanafunzi anaulizwa ni haki gani imevunjwa, anaandika kurasa tatu akieleza jinsi jambo lilivyo baya. Sawa, ni baya kweli, ila swali ni ibara ipi, nani mwenye haki, nani mwenye wajibu, na huyo mwenye wajibu alitakiwa afanye nini au aache kufanya nini. Ukizoea kujiuliza hivyo kila mara umeshapita nusu ya darasa.

Afu kuna uhuru wa kiraia na kuna haki nyingine. Uhuru wa kiraia ni zile sehemu ambazo serikali inatakiwa ikae pembeni tu, usinikamate bila sababu, usiingie kwangu bila kibali, usinizuie kusema, kuabudu, kukusanyika. Upande wa pili kuna haki kama elimu, afya, kazi, ambazo zinataka serikali ifanye kitu na itoe hela. Umoja wa Mataifa wenyewe ulizigawa hivyo kwenye mikataba miwili ya mwaka 1966, mmoja wa haki za kiraia na kisiasa, mwingine wa kiuchumi, kijamii na kiutamaduni, na Tanzania ilijiunga na yote miwili mwaka 1976. Ila usiuamini sana huo mstari. Haki ya kusikilizwa kwa usawa mahakamani inawekwa kundi la kwanza, lakini jaribu kuitimiza bila kujenga mahakama, kulipa mahakimu na kumtafutia wakili mtu asiye na kitu. Inagharimu kama hospitali.

Sasa Katiba. Watu wengi wanashangaa nikiwaambia Katiba yetu ya 1977 ilizaliwa bila sehemu ya haki inayodaiwa mahakamani. Tangu uhuru viongozi waliikataa, hoja yao kubwa ikiwa kwamba nchi changa ina kazi ya kujenga maendeleo na mahakama zingekuwa zinaikwamisha serikali kila hatua. Iliingizwa kwa marekebisho ya tano mwaka 1984, na hata hapo ikawekewa kipindi cha miaka mitatu ambacho huwezi kwenda mahakamani kuidai, ili serikali ipate muda wa kusafisha sheria zake. Mlango ulifunguliwa Machi 1988. Kwahiyo ukisoma kesi zetu za mwanzo, za kati ya 1988 na 1995, zisome ukijua kwamba wale majaji walikuwa wameshika kitu kipya mkononi na hakuna aliyewahi kuwaonyesha namna ya kukitumia. Ndo maana zina moto ule.

Kuna mtego ndani ya Katiba yenyewe ambao napenda kuwaonyesha wanafunzi mapema. Ibara ya 11 inaongelea haki ya kufanya kazi na kujipatia elimu, unaisoma unafurahi. Rudi nyuma ibara ya 7(2), inasema masharti ya sehemu hiyo ya pili ya sura ya kwanza hayatekelezwi kwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Yani elimu imeandikwa, ipo, lakini imeandikwa kwenye chumba ambacho mahakama haina ufunguo. Haki zinazodaiwa ziko sehemu ya tatu, kuanzia ibara ya 12. Ndo maana kesi ya elimu wakili makini hataibeba juu ya ibara ya 11, ataitafutia njia kwenye usawa wa ibara ya 13 kwa mfano. Hii ya kujua haki iko chumba gani ni ufundi, haitokani na hasira wala uchungu hata kama uchungu unao.

Halafu kuna neno dogo linaloitwa isipokuwa. Hapa nitakaa kidogo maana ndo kiini cha somo.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja kwenye dawati letu, anauza mboga soko la Kilombero, mtoto wake ni bodaboda, alikuwa amekamatwa na ana siku ya tatu kituoni hajapelekwa mahakamani. Alikaa kwenye kiti akafungua fundo la khanga, akatoa noti zimekunjwa ndogo ndogo kama vibiriti, akazipanga mezani, elfu tano, elfu mbili, elfu tano, akaniambia, "Mwanangu, nimeambiwa dhamana ni laki na nusu, mimi nimepata hii." Nilimwomba kwanza azirudishe kwenye fundo. Dhamana ya polisi haiuzwi, ni bure, hata mabango kituoni yanasema hivyo, na aliyekwambia laki na nusu hajakwambia sheria. Na sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai inasema mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, kasoro kwa makosa yenye adhabu ya kifo. Mama akasema, basi imeisha, siku tatu ni nyingi kuliko saa 24. Hapo ndo nikalazimika kumwonyesha maneno yanayofuata, kwamba kama haikuwezekana ndani ya muda huo basi mapema iwezekanavyo. Akanyamaza. Akauliza, "Nani anaamua kama iliwezekana?"

Hilo swali la mama wa Kilombero ndo somo la mipaka ya haki, na kuna watu wanamaliza digrii bila kuliuliza vizuri. (Kijana alitoka kesho yake, tuliandika barua moja fupi ikitaja kifungu, jina la mtuhumiwa na saa aliyokamatwa, tukaipeleka kwa mkuu wa kituo kwa mkono.)

Katiba inakupa haki na papo hapo ibara ya 30(2) inairuhusu sheria kuibana haki hiyo kwa ajili ya usalama, amani ya jamii, haki za wengine na kadhalika. Ukiisoma kwa haraka utadhani haki zote zimeyeyuka, serikali itunge tu sheria imalize kazi. Mahakama ya Rufani ilikataa usomaji huo, na hili la kujivunia kwa watu wa Arusha, moja ya hukumu kubwa ilitolewa hapa hapa mwaka 1993, kesi ya Kukutia Ole Pumbun. Wakati ule ukitaka kuishtaki serikali ilibidi kwanza uombe kibali kwa serikali yenyewe. Hebu fikiria, umegombana na mtu na unatakiwa umwombe ruhusa ya kumshtaki. Mahakama ikasema sharti hilo ni kinyume na Katiba, na ikaweka vipimo viwili ambavyo mpaka leo ndo rula yetu: sheria inayobana haki lazima iwe na kinga za kutosha dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isibane zaidi ya kile kinachohitajika kweli kufikia lengo halali. Sheria iliyoandikwa pana mno inakuwa kama mtego wa panya, inanasa waliomo na wasiokuwemo, na mtego wa hivyo hauokolewi na ibara ya 30(2). Kibali kikafa, mwaka 1994 nafasi yake ikachukuliwa na taarifa ya siku 90 kabla ya kufungua kesi.

Miaka miwili kabla ya hukumu ya Pumbun, 1991, kwenye kesi ya Daudi Pete, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekibatilisha kifungu kilichokuwa kinamfungia mtuhumiwa dhamana bila hata hakimu kupata nafasi ya kumwangalia yeye kama yeye. Wanafunzi wanaisoma wanashangilia, wanaandika kwenye notsi dhamana ni haki ya kila mtu, wanafunga daftari. Sasa ifungue tena, maana mwaka 2020 iliamuliwa kesi ya Dickson Sanga ya kupinga orodha ya makosa yasiyo na dhamana, Mahakama Kuu mwezi Mei ikakubaliana naye, Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua na kusema orodha hiyo haivunji Katiba. Ni ibara ile ile ya 15, ya uhuru wa mtu binafsi, na rula ni ile ile. Kazi yako darasani ni kueleza kwa nini Pete alifika ng'ambo na Sanga hakufika, na kama unaona mahakama ilikosea useme ilikosea wapi, kwenye kipimo cha kinga au kwenye kipimo cha kiasi. Mimi nina maoni yangu, naona 2020 kipimo cha kiasi kilipitiwa haraka mno, kwa sababu mtu anayeshtakiwa kwa utakatishaji fedha anaweza kukaa mahabusu miaka na hakuna jaji aliyewahi kuulizwa kama huyu mtu atakimbia au la. Ila maoni yangu hayakusaidii kwenye mtihani, soma hukumu zote mbili mwenyewe.

Tuje kwenye nani anaruhusiwa kugonga mlango. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba. Kila mtu, haijasema aliyeumia peke yake. Mchungaji Christopher Mtikila aliitumia hiyo kwenye Mahakama Kuu Dodoma, akidai pamoja na mengine kwamba mtu asilazimishwe kuwa mwanachama wa chama ndo agombee uongozi, na Jaji Lugakingira mwaka 1994 akakubali, akaeleza pia kwa nini mwananchi wa kawaida anaweza kusimama kwa ajili ya umma hata kama yeye binafsi hajaguswa kuliko wengine. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya utaratibu wa kudai haki za msingi, ambayo inataka shauri la Katiba lisikilizwe na majaji watatu. Majaji watatu kwenye kanda yenye majaji wachache maana yake ni kusubiri, kwahiyo utaratibu wenyewe unakuwa ukuta. Mwaka 2020 sheria hiyo ikarekebishwa, mleta maombi akatakiwa aeleze kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika, na marekebisho hayo nayo yakapelekwa mahakamani kupingwa. Ukiwa chuoni lifuatilie hilo, usikubali kusoma sheria hiyo kwenye notsi za kaka yako aliyemaliza zamani.

Kesi nyingi sana za haki hazifi kwa sababu haki haikuvunjwa. Zinakufa kwa pingamizi la awali. Wakili wa upande wa pili anasimama kabla hujaongea chochote, anasema huyu hana haki ya kuleta shauri, au amechelewa, au kuna njia nyingine hajaimaliza, au mahakama hii haina mamlaka. Dakika arobaini na mmerudi nyumbani.

Sasa zile mahakama tatu za Arusha, maana mpwa wangu alisema hataki kwenda chuoni na aibu ile ya kwenye Hiace.

Ya Rwanda ilikuwa ya jinai. Iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994 baada ya mauaji ya kimbari, ikakaa AICC, ikafungwa mwisho wa 2015, na kazi zilizobaki zikachukuliwa na chombo kingine cha Umoja wa Mataifa ambacho kiko Lakilaki. Pale kizimbani alikuwa anasimama mtu, binadamu mmoja mmoja, walishtakiwa 93. Hukumu ya Akayesu ya Septemba 1998 ilikuwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ilisema wazi kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Hilo lilisemwa hapa Arusha, watu wakiwa wanakula chipsi mayai chini ya jengo. Ila mwananchi asingeweza kwenda pale kulalamika kwamba serikali imemnyima dhamana, haikuwa kazi yake.

Ya Afrika Mashariki ilizinduliwa 2001 na kazi yake ni kutafsiri Mkataba wa Jumuiya. Mkataba haujaipa mamlaka ya haki za binadamu moja kwa moja, ibara ya 27 inasema hayo yatakuja baadaye kwa itifaki. Lakini mwaka 2007 kwenye kesi ya Katabazi, ya Waganda waliopewa dhamana na watu wenye silaha wakaizingira mahakama na kuwakamata tena, majaji wakasema sisi hatutaamua kesi za haki za binadamu, ila nchi zimeahidi kwenye Mkataba kuheshimu utawala wa sheria, na hatutaacha kuutafsiri Mkataba eti kwa sababu tu malalamiko yametaja haki za binadamu. Naipenda sana hiyo hoja, wamepita dirishani kihalali kabisa. Faida ya mlango huu ni kwamba huhitaji kumaliza mahakama za nyumbani kwanza. Ugumu ni muda, una miezi miwili tu tangu jambo litokee au ulijue. Machi 2019 ilitumika vizuri, Baraza la Habari Tanzania na wenzake wakashinda, vifungu kadhaa vya sheria ya huduma za habari ya 2016 vikaonekana vinakiuka Mkataba.

Ya tatu ndo yenyewe, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Imeundwa kwa itifaki ya 1998, ilianza kazi Addis Ababa 2006, ikahamia Arusha 2007, ina majaji 11, na kwa miaka mingi imekaa kwenye majengo ya TANAPA barabara ya Dodoma. Kizimbani pale haisimami nafsi ya mtu, inasimama nchi. Na hilo neno Watu mwishoni sio pambo, Mkataba wa Afrika wa 1981 unatambua haki za jamii nzima kama jamii, ndo maana Mei 2017 Waogiek wa msitu wa Mau waliishinda Kenya pale kwa kuondolewa kwenye ardhi ya mababu zao.

Mlango wake una kufuli mbili. Ya kwanza, lazima uwe umemaliza njia za ndani, umefika mpaka rufaa ya mwisho nchini kwako. Ya pili, mtu binafsi au asasi inaingia moja kwa moja endapo tu nchi yake imetoa tamko la kuruhusu. Tanzania ilitoa tamko hilo mwaka 2010, na Watanzania wakaingia kwa wingi, wengi wao wafungwa wanaojiandikia wenyewe. Mchungaji Mtikila alikuwa ameshazungushwa nyumbani kwa karibu miaka 20, ushindi wake wa 1994 ulifutwa kwa kubadilisha Katiba, akashinda tena Mahakama Kuu 2006, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni suala la kisiasa la kuamuliwa na Bunge. Akavuka barabara akaja Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikasema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja Mkataba. Aliunganishwa na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Alifariki Oktoba 2015, na uchaguzi mkuu wa mwezi huo huo ulifanyika bila mgombea binafsi hata mmoja.

Kilimanjaro nako kumo. Alex Thomas alihukumiwa miaka 30 huko Rombo kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akafungwa Karanga pale Moshi, na Novemba 2015 Mahakama ya Afrika ikaona utetezi wake haukusikilizwa na hakupewa wakili kwenye kosa zito kiasi kile. Ally Rajabu na wenzake walihukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu Moshi. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ikasema adhabu ya kifo ya lazima, ile ambayo jaji hana hiari ya kuangalia mazingira ya mtu, inavunja haki ya uhai, ikaagiza sheria ibadilishwe ndani ya mwaka mmoja.

Wiki moja kabla ya hukumu hiyo, Tanzania ilikuwa imewasilisha barua ya kuondoa tamko lake. Uondoaji ukaanza kufanya kazi 22 Novemba 2020. Kesi zilizofunguliwa kabla ya siku hiyo ziliendelea, baada ya hapo Mtanzania anayeishi Sakina, dakika chache kwa bodaboda mpaka kwenye geti la mahakama, hawezi kupeleka shauri pale yeye mwenyewe. Kiti cha mwenyeji tunacho, ufunguo tumeurudisha. Mimi hili linaniuma kweli na silifichi. Njia iliyobaki ni ndefu, kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, ambayo yenyewe inaweza kuipeleka nchi mahakamani. Waogiek walipita hapo hapo, Kenya haikuwa na tamko.

Na ukishinda je? Hukumu za haki mara nyingi zinatangaza tu kwamba sheria fulani ni batili, afu ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama badala ya kuifuta papo hapo iipe serikali muda wa kurekebisha. Rebeca Gyumi mwaka 2016 alipinga vifungu vya sheria ya ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au 14 kwa ruhusa ya mahakama. Alishinda, serikali ikapewa mwaka mmoja, ikakata rufaa, Oktoba 2019 akashinda tena. Miaka ikapita bila sheria kubadilishwa. Mwanafunzi wa haki za binadamu anatakiwa aifuate kesi mpaka huku, baada ya makofi, maana miaka yote hiyo binti wa miaka 15 alikuwa bado anaweza kuandikiwa ndoa.

Jioni ile mpwa wangu akaniuliza aanze kusoma nini kabla chuo hakijafunguliwa. Sikumpa kitabu. Nilimwonyesha kwenye simu jinsi ya kuingia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, hukumu zipo bure, nikamtafutia kesi ya Ephrahim na Pastory ya 1990. Holaria Pastory wa Muleba alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali, amezeeka, hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa kaka yake akafungua kesi kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikampa ushindi kijana, ya wilaya ikampindua, wakafika kwa Jaji Mwalusanya Mwanza. Kabla hujasoma jaji alisema nini, nikamwambia, funika simu uandike wewe ungeamuaje na kwa ibara ipi. Katiba inakataza ubaguzi, lakini mila nazo zinatambuliwa kama sheria. Mikataba ya kimataifa tumeridhia, lakini kwetu mkataba hauwi sheria ya ndani mpaka Bunge litunge sheria, sasa jaji anautumiaje? Ukimaliza kuandika ndo funua, uone ameutumiaje.

Aliniangalia akasema, "Anko, hii si kama kihamba cha babu?" Nikamwambia ndiyo, ndo maana nimekupa hiyo. Kule kwetu kihamba, yani shamba la migomba la ukoo, anaachiwa mtoto wa kiume, mama yake na dada zangu wengine wanakuja Krismasi kama wageni kwenye migomba waliyoipalilia wenyewe. Hakusema kitu tena usiku ule.

Nilimwelekeza pia jinsi ya kwenda kuziona mahakama zenyewe kwa macho. Mahakama ya Afrika vikao vya hadharani mtu yeyote anaruhusiwa kuingia, unaenda na kitambulisho, unauliza getini siku za kusikiliza mashauri, unapewa spika za masikioni za ukalimani unakaa. Mahakama Kuu pale mjini ni rahisi zaidi, unaingia, unainama kidogo, unakaa nyuma kimya na simu imezimwa. Asubuhi moja ya kutajwa mashauri inafundisha mambo ambayo notsi hazina, utaona kesi kumi zinaahirishwa kwa dakika tano kwa sababu shahidi hajafika au upelelezi haujakamilika, na watu kumi wanarudi kwenye karandinga. Siku hizi tangu sheria ilivyobadilishwa 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama, kwahiyo hata mama wa Kilombero angekaa pale angefuata kinachoendelea, japo hukumu nyingi za juu bado utazikuta kwa Kiingereza na chuoni utafundishwa kwa hicho hicho. Jifunze zote mbili, moja ya kusomea, nyingine ya kumweleza mteja wako ni nini kimempata.

Wiki iliyofuata akanipigia kutoka hosteli, sauti ya chini maana wenzake wamelala. Ameshamaliza Pastory, ameisoma mara mbili, mara ya pili amempigia mama yake akamsomea kwa Kichaga kipande kile cha ubaguzi. Anataka inayofuata. Nikamtumia Daudi Pete.